Kuua mbogo hakuponyi ng'ombe

Kuna neno linarudi kila mara hapa kwetu, toka Kanyabayonga mpaka Kirumba na kupanda mpaka Lubero. Ng'ombe akikonda, akikohoa, akitupa mimba, haitapita siku mbili utasikia: “Ni nyama wa Parke njo wanatuletea haya mambo.” Na nyuma yake linafuata la pili: “Wapigwe risasi, tutapona.” Wanaosema hivyo si wajinga. Ni wafugaji wanaojua mifugo yao jina kwa jina, na wengine ni wenzetu wenye lisansi ukutani, sawa na mimi.

Leo ninataka kulichunguza neno hilo kwa kusoma ripoti moja ya mbali, ya Uingereza. Mbona Uingereza, na sisi tuna yetu? Kwa sababu kule walichukua neno lile lile, ati mnyama wa pori anaambukiza ng'ombe basi auawe, wakaliweka kwenye mizani kwa miaka mingi, kisha wakaandika walichokipata. Ni ripoti ya mwisho ya tume ya wataalamu juu ya kifua kikuu cha ng'ombe, iliyotoka Juni 2007. Aliyeongoza tume ni Profesa John Bourne, daktari wa mifugo. Nitasema kinachonifurahisha ndani yake, kinachonikwaza, na juu ya nini mtu wa Kanyabayonga atumie mega zake kuipakua.

Kesi yenyewe

Mshitakiwa ni mnyama mmoja wa jamaa ya nyegere. Si huyu nyegere wetu anayebomoa mizinga ya asali. Ni ndugu yake wa Ulaya, mnene, mwenye mistari myeusi na myeupe usoni, anayechimba mashimo marefu na kuishi ndani na ukoo wake. Mwaka 1971, katika jimbo la Gloucestershire, walimkuta mmoja amekufa na kifua kikuu cha ng'ombe. Toka siku ile wafugaji wengi wakasema: adui amejulikana. Leta ikaanza kuua, mara kwa gesi ndani ya mashimo, mara kwa mitego. Ugonjwa ulishuka kidogo, halafu ukapanda tena. Hakuna aliyeweza kuonyesha kama kuua ndiko kulikosaidia.

Mwaka 1997 Profesa John Krebs aliishauri serikali kwamba ubishi huu hautaisha kwa maneno, ufanyiwe jaribio. Mwaka 1998 tume ya Bourne ikaanza kazi. Hapa ndipo mtu wa agronomia anafurahi, juu ni kitu tulichofundishwa kwenye viwanja vya majaribio ya mahindi na viazi, ila wao walikifanya kwa nchi nzima. Walichukua maeneo 30, kila moja karibu kilomita za mraba 100, wakayapanga katika mafungu 10 ya maeneo matatu matatu. Katika kila fungu, kura iliamua: eneo moja wanyama wauawe kila mwaka kwa upana, eneo la pili wauawe tu pale ng'ombe wameonekana na ugonjwa, eneo la tatu wasiguswe. Lile la tatu ndilo shahidi. Bila shahidi, mwenzangu, huna jaribio. Uko na hadithi tu.

Waliua karibu wanyama 11,000. Na matokeo yakawatia wote kizunguzungu. Katika maeneo ya njia ya pili, yaani kuua pale ugonjwa umetokea tu, kifua kikuu cha ng'ombe kilipanda badala ya kushuka, karibu asilimia 27 juu ya maeneo yasiyoguswa. Novemba 2003 wakasimamisha njia hiyo kabla ya muda. Katika maeneo ya kuua kwa upana, ugonjwa ulishuka ndani, karibu asilimia 23. Lakini kwenye ukanda wa nje, mpaka kilomita mbili toka kwenye mpaka, ulipanda kwa kiasi kinachokaribia hicho. Umetoa mzigo begani, umeuweka begani kwa jirani.

Bunduki inavunja ujirani

Mbona kuua kuongeze ugonjwa? Maelezo yao ni mepesi, na ndiyo sehemu ya ripoti iliyonikaa kichwani. Nyegere wa Ulaya anaishi kwa ukoo, kila ukoo na mipaka yake. Wakitulia, hawachanganyiki sana. Mgonjwa anabaki na ugonjwa wake kwao. Ukiua nusu, mipaka inavunjika. Waliobaki wanatembea mbali, wanaingia kwenye mashimo ya wengine, wanapigana, wanakutana na ng'ombe wa mashamba ambayo zamani hawakuyafikia. Wanyama wamepungua hesabu, lakini mikutano yao imeongezeka. Na ugonjwa unaishi kwa mikutano.

Sisi wa huku hatuhitaji profesa wa kutufafanulia hilo. Juni 2024, wakati Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, tuliona watu wakipanda barabara kuelekea Kirumba, Lubero na Butembo, na godoro kichwani na mbuzi kwenye kamba. Familia tatu, nne, zikalala katika nyumba moja. Mwaka ule hakuna aliyeshangaa kusikia watoto wanaharisha. Ugonjwa haukutoka kwa watu waliokimbia kana kwamba ni watu wabaya. Ulitoka katika kuvunjika kwa makao. Mifugo nayo ilikuwa barabarani: mbuzi na ng'ombe wamechanganyika, wanauzwa haraka, wananunuliwa bila kuuliza wametoka wapi. Unaposoma kurasa zile za tume juu ya mnyama anayekimbia ukoo wake uliovunjika, unasoma kitu unachokijua.

Serengeti ilisema mbele

Kabla ya kuwapa Waingereza sifa zote, nikumbushe kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kutoa somo hili, na kwa sauti kubwa zaidi.

Sotoka iliingia upande wetu wa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka mpaka kusini ya bara katika miaka kumi hivi. Ilifyeka ng'ombe, ikafyeka mbogo na nyumbu, na wafugaji wakafa njaa. Miaka mingi baadaye, kila mara sotoka ikionekana, wengi waliamini kwamba hifadhi yake ni wanyama wa pori. Nyumbu wa Serengeti walikuwa wanakufa nayo mwaka kwa mwaka, hasa wadogo. Kwa akili ya kawaida: nyumbu wanaitunza, nyumbu wanairudisha kwa ng'ombe.

Lakini ng'ombe waliozunguka Serengeti wakachanjwa. Na karibu mwaka 1963 sotoka ikapotea ndani ya nyumbu wenyewe, ambao hakuna aliyewachoma hata sindano moja. Kumbe njia ilikuwa kinyume: ng'ombe ndio walikuwa wakiwaambukiza nyumbu. Hesabu ya nyumbu ikapanda toka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpaka zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Chanjo iliyomaliza kazi ile ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake kule Muguga, Kenya. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka. Wangekuwa wameamua kuua nyumbu wote, sotoka ingebaki katika ng'ombe, na Serengeti ingebaki majani.

Kifua kikuu cha ng'ombe kina habari ya namna hiyo hiyo. Kusini, katika hifadhi ya Kruger, mbogo wa kwanza mwenye ugonjwa alitambuliwa mwaka 1990, na uchunguzi ulionyesha kwamba ulitoka kwa ng'ombe wa mashamba ya mpakani. Jirani yetu hapa, ng'ambo ya ziwa Edward, katika Parke ya Queen Elizabeth ya Uganda, mbogo wenye kifua kikuu wanajulikana toka miaka ya 1960. Parke ile imeshikana na Virunga yetu. Mbogo hana pasipoti. Kwa hiyo mfugaji wa huku anaposema mbogo anaweza kuwa na ugonjwa, hasemi uongo. Uongo unaanza anapofika kwenye neno “basi”: ana ugonjwa, basi auawe, basi ng'ombe wangu atapona. Kati ya hayo mawili kuna hatua nyingi, na ripoti ya Bourne inatufundisha kuzipima moja moja.

Wale waliojaribu bunduki kabla

Kuna watu waliojaribu dawa ya bunduki katika Afrika yetu kwa wingi unaotisha. Sababu haikuwa kifua kikuu, ilikuwa mbung'o, nzi anayeleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Hesabu yao ilikuwa hivi: mbung'o anaishi kwa damu ya wanyama wa pori, maliza wanyama, mbung'o afe njaa. Katika Rodezia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, waliua zaidi ya nusu milioni ya wanyama kabla ya kuachana na njia hiyo karibu mwaka 1961. Katika Zululand waliua zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1940. Uganda nayo iliajiri wawindaji kwa kazi hiyo hiyo.

Nisidanganye: mahali pengine mbung'o alirudi nyuma. Lakini alirudi nyuma mpaka pale bunduki iliponyamaza. Na kule Zululand, kilichommaliza mwishoni ni dawa ya DDT iliyomwagwa na ndege, si risasi. Kisha angalia Unguja. Kati ya 1994 na 1997 walileta mbung'o madume waliotasishwa, wakawaachilia kwa mamilioni, majike wakakosa uzao, na mbung'o wakaisha kisiwani. Hawakuhitaji kumaliza wanyama wa msitu wa Jozani. Walimshambulia mdudu mwenyewe, baada ya kujifunza anavyozaa.

Hapa kwetu habari ya malale ina kidonda kingine. Wakati wa wabelgiji, vita dhidi ya malale ilitumika pia kuondoa watu katika mabonde. Parke ilianzishwa 1925 kwa jina la Albert, na bonde chini ya Kabasha likabaki la wanyama. Wazee wanakumbuka mashamba ya babu zao kule chini. Kwa hiyo mtu wa Kanyabayonga akilaumu mbogo, mara nyingi analaumu vitu viwili kwa pumzi moja: ugonjwa, na udongo uliochukuliwa. Mtaalamu anayejibu la kwanza tu, akajifanya hakusikia la pili, atatoka kwenye mkutano ule bila mtu wa kumsikiliza. Huko Uingereza pia, nyegere amegeuka kuwa bendera: watu wa miji wanaomtetea upande mmoja, wafugaji waliochoka upande mwingine, na katikati hakuna anayeuliza tena ng'ombe alinunuliwa wapi.

Kinachonikwaza

Sasa niikosoe ripoti, maana kusifu tu si usomi.

Kwanza, ilifunga hesabu mapema. Hitimisho lake kubwa ni kwamba kuua nyegere hakuwezi kuwa na mchango wa maana katika kumaliza kifua kikuu cha ng'ombe Uingereza. Lakini waliofuatilia maeneo yale yale miaka iliyofuata walikuta faida ya ndani inaendelea hata baada ya kuacha kuua, na hasara ya ukanda wa nje inafifia. Tena neno “la maana” si neno la mizani peke yake. Ni hukumu ya gharama, ya nani alipe na kwa faida gani. Tume ilipaswa kuitenga hukumu hiyo na vipimo vyake, ili msomaji ajue mahali sayansi inaishia na mahali maoni yanaanza. Mwaka huo huo wa 2007, mshauri mkuu wa sayansi wa serikali, David King, alitoa maoni tofauti, na wanasiasa wakapata mlango wa kuchagua mtaalamu wanayempenda.

Mlango huo ulitumika. Mwaka 2013 kuua kulianza tena, Somerset na Gloucestershire kwanza, kisha majimbo mengi. Toka hapo wameua zaidi ya nyegere 200,000. Ugonjwa umeshuka katika maeneo mengi, lakini wakati ule ule waliongeza vipimo vya ng'ombe, na safari hii hawakupiga kura wala kuacha maeneo ya ushahidi kama Bourne alivyofanya. Matokeo yake, wanasayansi wanabishana mpaka leo: ni bunduki au ni vipimo? Wameua karibu mara ishirini ya wale wa jaribio, na wamejifunza kidogo kuliko jaribio. Mwaka 2024 serikali mpya ilitangaza kwamba kuua kutakwisha kabla ya bunge lake kumaliza muda, yaani 2029. Udhaifu huu si wa Bourne, lakini unaonyesha ubora wake: alijua kwamba risasi isiyo na shahidi haifundishi kitu.

Pili, mfugaji anakosekana. Katika kurasa zile tunakutana na makundi ya ng'ombe, kilomita, asilimia. Yule mtu ambaye asubuhi wanakuja kumchukulia ng'ombe wa maziwa, hatumsikii. Kwetu hilo ni kosa kubwa zaidi, maana kule mfugaji analipwa ng'ombe wake akiuawa kwa ajili ya ugonjwa. Hapa, mwambie mama mwenye ng'ombe wawili kwamba mmoja ana kifua kikuu. Atafanya nini? Atamwuza sokoni kabla ya Jumamosi. Na mimi nikiwa mahali pake, na watoto wanasubiri karo, ningefikiri hivyo hivyo. Sayansi yoyote inayomwacha mtu huyu bila njia, yeye mwenyewe atazunguka nyuma yake.

Tatu, ripoti inasimama juu ya kitu ambacho sisi hatuna: daftari. Kule kila ng'ombe ana namba sikioni na karatasi ya safari zake. Ndiyo maana tume iliweza kusema kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha kazi yote: sehemu kubwa ya ugonjwa inatoka ng'ombe kwa ng'ombe, juu kipimo cha ngozi kinaacha wagonjwa wengine bila kuwatambua, na wagonjwa hao wanauzwa na kusafiri. Skotlandi walitangazwa huru na ugonjwa huu mwaka 2009, na walichokikaza ni kupima ng'ombe anayeingia. Sisi tunataka kuruka mpaka kwenye mbogo wakati hatujui hata ng'ombe wetu mwenyewe alilala wapi mwezi uliopita.

Mtu atanijibu: na Zelandi Mpya je? Swali zuri. Kule waliua mnyama wa pori na kikasaidia kweli. Mnyama yule, posamu, aliletwa toka Australia na hakuwa na haki ya zamani katika misitu yao. Makundi ya ng'ombe na paa wa kufugwa wenye ugonjwa yalishuka toka zaidi ya 1,700 katikati ya miaka ya 1990 mpaka chini ya 50. Ila walifunga pia safari za mifugo, wakapima bila kuchoka, na wakaua posamu mpaka kwenye hesabu ambayo ugonjwa hauwezi kuendelea, si kidogo kidogo pale panapopiga kelele. Kwa hiyo sisemi kwamba mnyama haguswi kamwe. Ninasema kwamba anayetaka kumgusa aonyeshe kwanza anajua mnyama huyo anatembea vipi, na kwamba amekwisha kufunga mlango wa ng'ombe.

Chini ya Kabasha

Turudi sasa bondeni kwetu. Aprili 2025, Parke ya Virunga ilitangaza kwamba viboko wasiopungua 50, pamoja na mbogo kadhaa, wamekufa kwa kimeta, ile tuliyoisoma darasani kwa jina la sharbo. Mizoga ilikuwa inaelea kwenye mto Ishasha na kwenye ziwa Edward. Viboko hawa ni mabaki ya jeshi kubwa: katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa nao zaidi ya 20,000, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, kwa ujangili na vita.

Chukua sasa neno la “wapigwe risasi” ulilete kwenye kimeta. Mbegu ya kimeta inalala udongoni miaka mingi. Mnyama aliyekufa nayo, ukimwacha mzima, vijidudu vingi vinaoza pamoja naye ndani. Ukimpasua, damu inakutana na hewa, vinageuka kuwa mbegu ngumu, na umepanda shamba jipya la ugonjwa kwa wajukuu. Mtu anayeua kiboko mgonjwa, akamchuna, akapakia nyama kwenye pikipiki mpaka sokoni, hajaondoa ugonjwa Parke. Ameusafirisha mpaka kwenye sufuria. Hapa kuua si kupoteza wakati tu kama kwa nyegere. Ni njia yenyewe ya kuusambaza.

Na ugonjwa unaoumiza ng'ombe wetu zaidi kila siku, ndigana kali, ile homa inayoletwa na kupe, unathibitisha hivyo hivyo. Ni kweli mbogo anabeba kijidudu chake bila kuugua, toka zamani. Lakini kijidudu hakiruki peke yake. Kinabebwa na kupe. Ukimwua mbogo, kupe wako katika majani bado, na ng'ombe wa jirani yako wanawalisha vizuri. Dawa ya kunyunyizia ikitumika kwa wakati wake, kwa kipimo chake, inafanya kazi ambayo bunduki elfu hazitafanya. Tatizo ni kwamba dawa inauzwa bila kipimo, inachanganywa na maji mengi ili ifike kwa wote, na kupe wanaizoea. Hilo ni jambo la agronomia na la mifugo, haliko Parke. Liko kwenye duka na kwenye ndoo.

Kwetu tuliosoma

Kinachonisumbua ni kwamba neno la “wapigwe risasi” linatufaa sana sisi wasomi. Linatupunguzia kazi. Ukimpa mbogo kosa, hutahitaji kumwuliza tajiri wa ng'ombe anawatoa wapi, wala kumwuliza mwuza dawa amechanganya nini, wala kuuliza kwa nini Leta haina daktari wa mifugo mwenye hata vipimo kumi vya kifua kikuu. Mbogo hajibu. Hana binamu katika sheferi. Wakati huu wa vita, tena, bunduki ziko mkononi mwa wengi, na anayetafuta nyama atafurahi sana kupata sababu ya kisayansi toka kwa mtu mwenye diploma.

Bourne na wenzake walilipwa na serikali, na wengi waliokuwa wanawasubiri walitaka kusikia jibu moja. Walipoona njia ya pili inaongeza ugonjwa, hawakuficha namba. Hata kama hitimisho lao lilikwenda mbali kidogo, namba ziko wazi mpaka leo, na wapinzani wao wanazitumia. Hicho ndicho ninachokipenda zaidi ndani ya ripoti, na ndicho nisichokiona katika ripoti nyingi za miradi zinazopita hapa kwetu, ambamo kila kitu kimefaulu na ng'ombe wanaendelea kufa.

Tunaweza kuanza bila Leta na bila mradi. Daftari moja la mia, katika kila kikundi cha wafugaji: ng'ombe aliyeingia, siku, ametoka wapi, kwa nani, aliyetupa mimba, aliyekufa, dalili zake. Ng'ombe aliyenunuliwa afungwe peke yake wiki kadhaa kabla ya kuchanganyika. Maziwa yachemke mpaka yapande, hata kama mzee anasema mabichi njo yana nguvu, maana kifua kikuu cha ng'ombe kinampata mtoto kupitia kikombe. Mzoga wa ghafla wenye damu puani usipasuliwe; utolewe habari, uzikwe kwa kina au uchomwe. Na dawa ya kupe ipimwe kwa kopo lenye alama, si kwa jicho.

Baada ya miaka miwili ya daftari kama hilo, mfugaji atakayesimama kwenye mkutano na kusema ugonjwa wake unatoka kwa mbogo atakuwa na kurasa mkononi, na sisi tutalazimika kumsikiliza na kwenda kupima. Pengine atakuwa na haki. Kwa sasa kurasa hizo hazipo, na mtu yeyote anayewaambia wafugaji wa Kanyabayonga kwamba anajua jibu, awe ametoka Parke au ametoka kwa wenye bunduki, mwombeni kwanza awaonyeshe eneo lake la shahidi.